Alan Turing, mwanahisabati aliyeonyesha namna ya kukagua programu

Ijumaa tarehe 24 Juni 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, mwanahisabati Alan Turing alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu wa kompyuta. Siku moja kabla alikuwa ametimiza miaka 37. Kompyuta zenyewe zilikuwa bado changa. Ile ya Cambridge ilikuwa imeanza kazi wiki saba tu zilizopita. Turing hakuja kuzisifia. Alikuja na swali la mtu ambaye amekwisha kuumwa: ukiandika programu ndefu, mwenzako atajuaje kwamba haina kosa?

Hotuba hiyo ilichapishwa katika kurasa tatu, kisha ikakaa miaka mingi bila kuangaliwa. Watu wengi wanaolijua jina la Turing wanalijua kwa sababu ya vita, au kwa sababu ya namna alivyokufa. Hayo yote tutayagusa, msikilizaji, lakini makala haya yanamfuata kwa njia nyingine, njia ya makosa na namna ya kuyakamata. Kwa maoni yangu, hapo ndipo anapokaribiana zaidi na sisi tunaotembea na simu mfukoni, maana ndani ya kila simu kuna programu, na kila programu imeandikwa na binadamu anayekosea.

Mtoto wa wazazi waliokuwa mbali

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake, Julius, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza huko India. Wazazi waliporejea India walimwacha Alan na kaka yake John kulelewa na mwanajeshi mstaafu na mkewe, katika mji wa St Leonards-on-Sea kwenye pwani ya kusini mwa Uingereza. Kwa hiyo utoto wake mwingi aliupitisha kwenye nyumba ya watu, akiwaona baba na mama kwa vipindi.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 13, alitakiwa kuanza shule ya bweni ya Sherborne. Siku aliyoshuka melini katika bandari ya Southampton, Uingereza nzima ilikuwa katika mgomo mkubwa wa wafanyakazi na treni hazikutembea. Kijana hakungoja. Alipanda baiskeli yake, akalala njiani katika nyumba ya wageni, na kesho yake akaingia shuleni. Safari ilikuwa ya kilomita zipatazo 97.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kupendwa na kila mwalimu. Walilalamikia mwandiko wake na madaftari yake machafu, na pia tabia yake ya kukimbilia hisabati ya juu huku akipuuza ya msingi. Kitu kilichombadilisha ni urafiki. Christopher Morcom, mwanafunzi aliyemtangulia darasa, alipenda sayansi kama yeye, ila alikuwa makini na nadhifu katika kazi zake. Kwa mara ya kwanza Turing alikuwa na mtu wa kumwiga.

Morcom alifariki dunia tarehe 13 Februari 1930. Alikuwa na kifua kikuu cha ng'ombe, alichokipata miaka ya nyuma kwa kunywa maziwa yenye ugonjwa. Wafugaji wanaotusikiliza wanaijua hatari hii, na wanajua kwamba kuyachemsha maziwa ndiyo kinga ya nyumbani. Kifo hicho kilimtikisa Turing kwa miaka, na alibaki akiandikiana barua na mama wa marehemu.

Swali lisilo na mkaguzi

Alijiunga na King's College, Cambridge, mwaka 1931. Alipofika umri wa miaka 22 chuo kilimchagua kuwa mwanazuoni wake wa kulipwa. Mwaka 1936 alitoa andiko lililomfanya ajulikane na wanahisabati wa dunia.

Tuliweke kwa urahisi. Wanahisabati walikuwa wakiuliza kama kuna utaratibu mmoja, wa kufuata hatua kwa hatua bila kufikiri, unaoweza kusema kama kauli yoyote ya hisabati inathibitika au haithibitiki. Ili kulijibu swali hilo, Turing alibuni kichwani mashine ya karatasi ndefu iliyogawanywa katika vyumba vidogo. Mashine inasoma alama moja, inaifuta au inaandika nyingine, inasogea chumba kimoja, inaendelea. Alionyesha kwamba mashine moja ya aina hiyo, ukiipa maagizo yanayofaa, inaweza kufanya kazi ya mashine nyingine yoyote. Hiyo ndiyo picha ya kompyuta tunayoijua, iliyochorwa kabla haijajengwa.

Jibu la swali lenyewe lilikuwa hapana. Utaratibu huo haupo. Kutokana na hoja hiyo tunajua leo kwamba hakuna programu inayoweza kuichukua programu nyingine yoyote ile na kusema mapema, bila kukosea kamwe, kama itafika mwisho wa kazi yake au itazunguka milele. Msikilizaji ashike jambo hili, maana tutalirudia. Mtu aliyethibitisha kwamba mkaguzi wa kila kitu hawezi kupatikana ndiye aliyekuja, miaka 13 baadaye, kuonyesha kitu ambacho mkaguzi wa kibinadamu anaweza kufanya.

Baada ya hapo alikwenda Marekani, chuo kikuu cha Princeton, akapata shahada ya udaktari chini ya Alonzo Church, na mwaka 1938 akarudi nyumbani.

Vita na baiskeli

Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 3 Septemba 1939. Siku iliyofuata Turing aliripoti Bletchley Park, jumba lililoko kati ya London na Birmingham, ambako serikali ilikusanya watu wa kuvunja maandishi ya siri ya adui. Wajerumani walituma ujumbe kwa mashine iitwayo Enigma, iliyobadilisha herufi kwa namna nyingi kupita kiasi. Haki itendeke hapa: wanahisabati wa Poland, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, walikuwa wamekwisha kuifungua Enigma ya awali, na mwezi Julai 1939 wakawapa Waingereza na Wafaransa maarifa yao.

Turing alibuni mashine ya kutafuta mpangilio wa Enigma wa siku hiyo, na mwenzake Gordon Welchman akaiboresha. Ya kwanza ilifungwa mwezi Machi 1940, na hadi vita vinaisha zilikuwa zaidi ya 200. Namna zilivyofanya kazi inafaa kuelezwa. Wachunguzi walikisia maneno ambayo pengine yamo ndani ya ujumbe, kwa mfano taarifa ya hali ya hewa ambayo haikosekani. Kisha mashine ilichukua mpangilio mmoja baada ya mwingine na kufuata matokeo yake. Mpangilio uliojipinga wenyewe ulitupwa. Uliobaki bila kujipinga ndio uliopelekwa kwa binadamu auangalie. Ni kama mzee wa baraza anayesikiliza shahidi: hajui ukweli, lakini shahidi akisema alikuwa shambani na sokoni saa ile ile, anajua cha kufanya.

Vituko vyake vya Bletchley ni vingi. Alifunga kikombe chake kwa mnyororo kwenye bomba la kupashia chumba joto kisiibwe. Msimu wa chavua alivaa barakoa ya gesi akiwa kwenye baiskeli ili asipige chafya. Simulizi ninayoipenda zaidi ni ya baiskeli yenyewe. Mnyororo wake ulikuwa ukichomoka mara kwa mara. Badala ya kuipeleka kwa fundi, Turing alianza kuhesabu mizunguko ya pedali, akagundua kwamba mnyororo haukuchomoka ovyo, bali kila baada ya idadi ile ile ya mizunguko. Kwa muda alijiwahi tu, akisimama kabla ya hesabu kutimia. Baadaye akaikagua baiskeli na kuona chanzo: spoku moja iliyopinda ilikutana na pingili moja mbovu ya mnyororo, na kukutana kwao kulitokea kwa hesabu hiyo hiyo. Hasara iliyoonekana kuja kwa bahati mbaya ilikuwa na mahali pake na wakati wake.

Kituo chake kilikuwa na matawi ya mbali, na moja lilikuwa kwetu. Mwaka 1942 kikosi cha Waingereza kilichosikiliza mawasiliano ya Wajapani kilihamia Kilindini, Mombasa, kikatumia majengo ya shule ya Allidina Visram. Mwaka huo huo kikosi hicho cha Mombasa kilifungua msimbo wa meli za biashara za Japani. Turing mwenyewe hakufika huko.

Mwaka 1941 alimchumbia Joan Clarke, mwanahisabati mwenzake wa Bletchley. Alimwambia wazi kwamba anavutiwa na wanaume, na baadaye uchumba ukavunjika kwa uamuzi wake. Walibaki marafiki.

Safu za hesabu

Vita vilipoisha, Turing aliajiriwa na maabara ya taifa ya vipimo huko Teddington, karibu na London, na akaandika mpango kamili wa kujenga kompyuta. Ujenzi ulikwenda polepole, subira ikamwishia. Nguvu alizimalizia barabarani: mwaka 1947 alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 3, kama dakika 11 nyuma ya muda uliompa mshindi medali ya Olimpiki ya London mwaka uliofuata. Wakimbiaji wetu wa leo wangemwacha mbali sana, lakini kwa mtu wa ofisini si haba.

Mwaka 1948 alihamia Chuo Kikuu cha Manchester, ambako mwezi Juni mwaka huo kompyuta ndogo ilikuwa imeendesha programu yake ya kwanza. Sasa mashine zipo. Na zilipokuwepo tu, tatizo jipya likajitokeza. Maurice Wilkes, kiongozi wa waliojenga kompyuta ya Cambridge, alisimulia baadaye kwamba mwezi ule ule wa Juni 1949, akipanda na kushuka ngazi kati ya mashine na chumba cha kutobolea karatasi za programu, alitambua ghafla kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itaishia katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe.

Hapo ndipo inapoingia hotuba ya tarehe 24 Juni. Turing alianza na hesabu ya kujumlisha, na mfano wake unaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kushika daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Tuseme mhasibu wenu amejumlisha michango ya wanachama wanne, kwa maelfu ya shilingi: 248, 375, 196 na 567. Anawaonyesha jibu tu, 1386. Ukitaka kumkagua, huna njia ila kuirudia hesabu yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukipata jibu tofauti, hujui nani kakosea wala wapi.

Sasa tuseme mhasibu ameandika zaidi. Safu ya mamoja inatoa 26, kwa hiyo ameandika 6 chini yake na 2 ya kubeba pembeni. Safu ya makumi peke yake, kabla ya kuongeza kilichobebwa, inatoa 26, ameandika 6 na kubeba 2. Safu ya mamia inatoa 11, ameandika 1 na kubeba 1. Chini kuna mistari miwili: 166 za safu, na 1220 za kubeba zikiwa zimesogezwa mahali pake. Jumla yake ni 1386. Mama mmoja anaweza kukagua safu ya mamoja bila kujali nyingine. Kijana akachukua makumi, mzee akachukua mamia, wa nne akajumlisha mistari miwili ya mwisho. Kila kazi ni ndogo, na kosa likipatikana linajulikana liko safu gani.

Turing alisema programu nayo iandikwe hivyo. Mwandishi asikabidhi maagizo peke yake. Katika vituo mbalimbali vya programu aandike tamko: ikifika hapa, chumba hiki cha kumbukumbu kitakuwa na namba kadhaa, na kile kitakuwa na namba kadhaa. Mkaguzi hahitaji kuibeba programu nzima kichwani. Anachukua kipande kati ya kituo kimoja na kingine, anauliza swali moja tu: ikiwa tamko la kituo cha kwanza ni kweli, na maagizo haya yakifuatwa, je, tamko la kituo kinachofuata litakuwa kweli? Vipande vyote vikipita, programu nzima imepita.

Mfano wake ulikuwa programu ya kuzidisha namba zinazofuatana, moja mara mbili mara tatu na kuendelea, kwa mashine isiyojua kuzidisha na inayojumlisha tu. Aliweka matamko katika kila kituo cha mchoro. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi wangelisahau. Haitoshi jibu kuwa sahihi iwapo litatoka. Lazima pia ionyeshwe kwamba programu itafika mwisho. Kwa hilo alitaka mwandishi ataje kiasi fulani kinachopungua kila mara kazi inavyosonga, kama mafuta ya taa kwenye chupa. Kitu kinachopungua kila mara na kisichoweza kushuka chini ya sifuri kitakwisha. Mnakumbuka lile swali la mwaka 1936? Hakuna mashine ya kuwajibia watu wote kama programu yoyote itasimama. Lakini mwandishi mmoja, kwa programu yake moja, anaweza kuacha ushahidi.

Je, wasikilizaji walimwelewa? Wilkes amesimulia kwamba Turing alikuwa na mazoea ya kuandika namba kinyume, tarakimu ndogo zikiwa kushoto, kama zilivyopita kwenye mashine. Wakati mmoja, akifafanua ubaoni jambo la kukagua programu, alizidisha namba za kawaida kwa mtindo huo, na ukumbi mzima ukashindwa kumfuata hadi ulipogundua alichokuwa akifanya. Akili yake ilikwenda mbio na hakuona haja ya kuwasubiri wengine. Ni ajabu kidogo kwa mtu aliyekuwa akitetea kazi inayosomeka na mwenzako.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1950 alitoa makala mashuhuri kuhusu kama mashine inaweza kufikiri. Mwaka 1951 alichaguliwa kuingia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Mwaka 1952 alichapisha hesabu za namna madoa na mistari inavyoweza kujitokeza kwenye miili ya viumbe.

Mwezi Januari mwaka huo nyumba yake ya Wilmslow, karibu na Manchester, iliibiwa, naye akapiga ripoti polisi. Katika uchunguzi alieleza kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza hadi mwaka 1967. Polisi wakamgeukia mlalamikaji wakamshtaki. Machi 31 alikiri mahakamani. Hakufungwa, kwa sharti kwamba adungwe homoni kwa mwaka mmoja ili kuzima hamu yake ya mwili. Pia alifungiwa mlango wa kazi za siri za serikali ile ile aliyoitumikia vitani. Hakuweza kusimama na kusema alichoifanyia nchi, kwa kuwa kazi ya Bletchley ilibaki siri hadi katikati ya miaka ya 1970.

Tarehe 8 Juni 1954 mtumishi wa nyumbani alimkuta amekufa kitandani, na kando yake tofaa lililong'atwa. Alikuwa amekufa siku iliyotangulia kwa sumu ya sianidi. Uchunguzi wa serikali ulisema alijiua. Mama yake hakuukubali, aliamini ilikuwa ajali ya majaribio ya kemikali aliyokuwa akiyafanya nyumbani. Alikuwa na miaka 41. Mwaka 2009 waziri mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali, mwaka 2013 Malkia Elizabeth alimpa msamaha, na tangu mwaka 2021 picha yake imo kwenye noti ya pauni 50.

Kurasa tatu zilivyorudi

Zile kurasa tatu za mwaka 1949 hazikuwa na noti wala sanamu. Mwaka 1967 Mmarekani Robert Floyd, na mwaka 1969 Mwingereza Tony Hoare, walijenga upya wazo la matamko ndani ya programu, kwa upana zaidi, na dunia ikawafuata wao. Mwaka 1984 watafiti wawili, Morris na Jones, walizichapisha upya kurasa za Turing. Ilibidi kwanza wazirekebishe, kwani uchapaji wa awali ulikuwa umejaa alama zilizokosewa. Andiko la kukagua makosa lilikuwa halijakaguliwa.

Leo wazo hilo limo katika lugha nyingi za kuandikia programu. Mojawapo ni Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, lugha ambayo vijana wetu wengi wanaanza nayo vyuoni. Ina amri ya kutoa tamko: hapa salio lazima liwe sawa na kadhaa, la sivyo simama. Na iko zana iitwayo pytest inayokusanya matamko hayo, kuyapitisha yote, na kueleza lililoanguka limeanguka kwa nini.

Zana hizi nazo hukosea, na kosa la mkaguzi ni baya kuliko la mhasibu, kwa sababu kila mtu anamwamini. Katika Python, mtu akifungia tamko lake na ujumbe wa onyo pamoja ndani ya mabano, lugha inaviona viwili hivyo kama mfuko mmoja. Haiulizi tena kama tamko ni kweli. Inauliza kama mfuko una kitu. Mfuko una kitu siku zote, kwa hiyo jaribio linapita hata salio likiwa limeliwa lote. Ilibidi Python iongezwe onyo la kumshtua mwandishi anayefanya hivyo.

Pytest ya zamani ilikuwa na kasoro nyingine. Tamko lilipoanguka, zana ililihesabu tena mara ya pili ili imwonyeshe mwandishi namba zilizokuwemo katikati. Kwa hesabu tupu hakuna neno. Lakini baadhi ya matamko hubadilisha kitu yanapohesabiwa, kama mtu anayechota pishi ya mahindi kwenye gunia ili aipime. Ukiambiwa upime tena, unachota pishi nyingine. Hapo zana ilibaki ikimwambia mwandishi kwamba tamko lilianguka, ila liliporudiwa halikuanguka, na ikamshauri namna ya kulikwepa jambo hilo.

Mwaka 2011 wahudumu wa pytest waliibadili njia. Zana ilianza kuuandika upya msimbo wa jaribio kabla haujaendeshwa, ili kila namba ya katikati iwekwe pembeni pale pale inapopatikana, na tamko lihesabiwe mara moja tu. Likianguka, namba zimekwisha kuandikwa kando, kama zile za kubeba. Njia hiyo mpya nayo ilileta makosa yake. Python ilipoongeza mwaka 2019 namna ya kuipa namba jina katikati ya sentensi, matamko yaliyoitumia hayakukaguliwa ipasavyo, na marekebisho yakaingia katika toleo la mwaka 2023.